Nati Iliyobaki Bariere

Nilifika kwa Lusenge wa Vulamba, hapa Butembo, kwa sababu mafundi wawili kabla yake walitaka kukata nati za Fuso yangu kwa shalumo, ule moto wa gesi wa kukatia chuma. Mtu anayekata kitu kisicho chake haulizi kingine kitanunuliwa wapi. Mimi nilianza kwa kubeba maharagi ya Musienene mgongoni, na gari lile nilikuwa nimelitafuta muda mrefu. Sikuwa tayari kuliona likichomwa.

Lusenge alichuchumaa, akazungusha kidole kwenye nati iliyokwama kama mtu anayepapasa jino bovu. Kitsa, dereva wangu, akamnyooshea douille yetu, kile kikombe cha chuma cha kufungulia. Fundi akairudisha.

"Hii ya meno kumi na mbili inakamata kona tu. Itakula nati, utabaki na duara. Unipe ya pande sita, ile inakumbatia yote."

Alisugua kutu kwa brashi ya waya, akamwaga mafuta, akagonga nati kwa nyundo, vipigo vidogo, kisha akatuambia twende tule.

"Gari yangu iko na haraka," nikasema.

"Mafuta haina haraka, Mama Elsa."

Tuliporudi alichomeka douille, akavalisha mpini bomba refu, tiyo la chuma. Akaanza kwa kukaza.

Kitsa akacheka. "Papa, tulikuita ufungue, weye unafunga!"

"Naamusha kutu kwanza."

Akageuza upande wa pili. Nati ililia, kilio kirefu chembamba, ikazunguka. Hapo Lusenge aliachia tiyo, akasimama akitazama barabarani kama mtu aliyeitwa jina. Hakukuwa na mtu. Kila nati iliyolia, alifanya vile vile.

Nikaanza kupatana naye bei, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua. Akanikata. "Sitaki falanga. Ukienda Kasindi na konvoi, unipe kiti mupaka kwa bariere."

Anayekataa falanga anataka kitu cha bei kubwa zaidi. Njia ya Kasindi ina waasi, magari huipita kwa msafara unaolindwa na askari. Nikauliza sababu. Aliyejibu ni mkewe Kahongya, aliyekuwa akisafisha vyombo vya kazi kwa mazuti, yaani dizeli. Yeye ndiye aliyekuwa mkono wa pili wa garage ile.

"Kaka yangu Apollinaire, pneu ya gari ilimupasukia kule. Konvoi ikamuacha. Gari ilipatikana, ye hapana. Clé ya kufungulia ilikuwa ingali mu nati."

Aliyekaza gurudumu lile la kushoto, kabla ya safari, alikuwa Lusenge, kwa tiyo lile lile na uzito wake wote. Zamani hizo alisifiwa kwamba nati ya Lusenge haiachi. Apollinaire alikuwa na clé fupi tu.

Watu walimfariji Lusenge. Walisema Apollinaire alizoea Toyota, hakujua kwamba kwenye Fuso nati za kushoto zinafunguka kinyume na za kulia. Kwa hofu aligeuza vibaya, akazidi kujifungia mwenyewe. Lusenge hakukubali wala hakukataa. Kona za nati, alisema, zinalika upande zinaposukumwa. Ukiiona, utajua mtu aligeuza wapi, na kosa ni la nani.

"Na weye unasema nini?" nikamuuliza Kahongya.

"Miye nangojea nati."

Nikampa Lusenge kiti.

Gari la Apollinaire lilikuwa pembeni ya bariere ya askari, kizuizi kilichowekwa pale baada ya yeye kupotea, limekaa ndani ya shamba la kakao, majani yametokea madirishani. Kwa sababu ya askari hakuna aliyethubutu kuiba hata taa. Konvoi iliposimama kwa ukaguzi, nikamshukia askari kwa Kilingala changu cha sokoni na fungu la ndizi.

"Fundi wako anatafuta nini mu gari ya mufu?"

"Nati moja, chef."

"Moja! Mutu anatoka Butembo juu ya nati moja?" Akacheka. Kisha akamtazama Lusenge usoni, akaacha kucheka. "Fanya mbio."

Lusenge alifungua kitenge cha mkewe alimofunga vyombo: brashi, mafuta, nyundo, douille ya pande sita. Tiyo alilibeba begani. Nati tano zilikuwa nzima. Ya sita alipoipiga brashi niliinama na mimi. Kona zilikuwa zimelika upande mmoja tu.

"Aligeuza muzuri," akasema Lusenge.

Nyuma yetu magari yalianza kupiga honi. Yeye alimwaga mafuta, akagonga, akakaza kidogo, kisha akapanda juu ya tiyo kwa miguu yote miwili. Nati ikalia. Na ndani ya kakao kitu kikalia vile vile.

"Ni mwangwi," nikasema. Lakini yule askari alikuwa ameshageuza bunduki kuelekea kakao, na Kitsa alikuwa ameshawasha gari. Lusenge akaitia nati mfukoni, tukaondoka.

Njiani nikampa Lusenge shauri la bure, jambo ninalofanya mara chache. "Mwambie mkeo kaka yake aligeuza vibaya. Nati haina mudomo."

"Anajua kuisoma, Mama. Ni miye nilimufundisha."

Tuliporudi Vulamba alimwekea Kahongya nati kiganjani. Kahongya aliizungusha kidole mara moja. Alifuta mikono, akapanda pikipiki kwenda kwa wazazi wake Musienene. Jumapili ile Apollinaire alitangazwa kanisani kuwa amekufa, jambo ambalo familia ilikuwa imelikataa tangu mwanzo, wakingoja kujua nini kilimkwamisha. Sasa wana msiba wao. Lusenge ana jibu lake, ila vyombo anajisafishia mwenyewe, maana Kahongya hajarudi. Siku hizi Lusenge anakaza magurudumu kwa clé ya dereva mwenyewe, na haruhusu uondoke kabla dereva huyo hajafungua kila nati mbele yake. Wateja wengine wamemkimbia kwa kucheleweshwa. Mimi nimebaki.

Nilitengenezewa gari bila kutoa falanga, na nilipata tiyo: Lusenge alikataa kulala nalo nyumba moja. Kitsa amelifunga nyuma ya kiti kwa mipira, likakazika, halichezi njia nzima. Tukifika bariere ile linaanza kugonga. Nimemwambia Kitsa ukaguzi ukiisha asikawie, na hata mimi sigeuki.