Mume wa Kwenye Daftari

Juzi nilinusa daftari jipya dukani, nikamkumbuka mama mdogo akiandika hadithi ya mapenzi kibarazani, jicho limevimba, pweza wakikauka kambani. Nilipokuwa mtoto niliamini mtu huandika mapenzi anayoyapata nyumbani. Leo najua huandika pia anayoyakosa.

Mumewe aliporudi kutoka Afungi, alikolinda uzio wa mitambo ya gesi, nilitaka kumfurahisha.

"Baba mdogo, kwenye kaderno la mama mdogo, lile daftari lake la hadithi, mume anamwosha mkewe miguu."

"Mume gani?"

"Si wewe?"

Alikuwa amevua buti moja. Akaingia ndani alikokuwa mama mdogo, nyingine ikiwa bado mguuni, akafunga mlango. Nikasikia ndoo ikigonga ukuta, maji yakimwagika. Nikabaki kibarazani nikitabasamu, nikidhani anamwosha miguu.