Maharagwe ya Verdiane

Verdiane hakuipenda nyumba ya mumewe pale Kingi, na mimi jirani yake sitamsemea uongo. Kanyamibwa hakumpiga. Alimsahau tu, kama mtu anavyosahau jembe shambani, akashinda na ng'ombe zake. Verdiane alitaka kurudi kwa mama yake huko Buleusa, basi. Lakini ng'ombe za mahari zilikwisha kutolewa, na mama huyo hakuwa na hata ndama wa kurudisha.

Mwaka wa 1965 askari walipita, wakamchukua Kanyamibwa na mdogo wake Ndayambaje kuwabebea mizigo hadi Mpofi. Habari zikakatika.

Nilimkuta Verdiane akichambua maharagwe, ameyapanga mawili mawili: la kwanza la mume, la pili la shemeji. Jekundu, amerudi; jeupe, hakurudi. Jekundu na jekundu: yeye ni mke. Jekundu na jeupe: mke vilevile. Jeupe na jekundu: shemeji anamrithi, ndiyo desturi, padri afoke asifoke. Jeupe na jeupe: mjane chini ya mama mkwe hadi kaburini. Njia ya Buleusa haikuwamo.

"Dada, Mungu hahesabu kwa maharagwe," nilimwambia kwa hasira, maana alikuwa analia.

"Basi unionyeshe njia ya tano."

Ndayambaje alirudi peke yake, akasema homa imemuua kaka yake njiani. Tukaomboleza. Verdiane akarithiwa, akazaa msichana. Mtoto angali ananyonya, Kanyamibwa huyo akaingia uani, amekonda, mzima. Jekundu na jekundu! Verdiane alihesabu nani atarudi, hakuhesabu nani atatangulia.

Ndugu wawili wakagombana mpaka wakashikana mashati. Mama yao, Mukarugwiza, akawaachanisha.

"Huyu mwanamuke atanimalizia watoto," alisema. "Verdiane, enda kwenu. Ngombe tumesamehe."

Sijawahi kumwona Verdiane amefurahi vile. Alimfunga mtoto mgongoni upesi upesi, akashika njia.

"Ule mutoto iko wa hii lupango," akasema Mukarugwiza, akiuonyesha ua wote kwa mkono. "Umuache hapa."

Verdiane alisimama langoni. Nilitamani kumpigia kelele akimbie. Kisha akarudi, akaketi, akamnyonyesha mtoto. Sasa alikuwa mke wa nani, hakuna aliyesema, naye hakuuliza.