Kisiwa Ambacho Kitabu Kilisema Hakina Mtu

Kitabu hicho cha watalii nilikinunua mnadani Mbinga, kimechakaa, jalada limetafunwa na panya. Kinaeleza Ziwa Nyasa lote, kwa Kiingereza. Kisiwa kilicho mbele ya Liuli, nilikoolewa, kimepewa mistari michache tu: ndege wengi, kenge wakubwa, samaki wa kila rangi, na kwamba binadamu hajawahi kuishi pale. Mimi ni mwalimu. Kitu kikishachapishwa nakiamini kwanza, maswali baadaye.

Nilimtafsiria mama mkwe wangu tukichambua usipa, dagaa wa ziwa letu, uani. Aliniacha nimalize.

"Hajawahi kuishi mtu?" akasema. "Basi mimi nilizaliwa tumboni mwa kambale."

Ndipo nikajua. Miaka yote niliyokaa kwake sikuwahi kusikia kwamba kisiwani kulikuwa na nyumba chache za wavuvi, kwamba alizaliwa huko, na kwamba mama yake alizikwa huko kabla hawajahamia ng'ambo hii. Tangu wahame hajarudi. Kwanza watoto, kisha shamba la mihogo, sasa magoti.

"Nataka nilione kaburi lake kabla magoti hayajakataa kabisa kupanda boti," alisema.

Si mtu wa kuombaomba, kwa hiyo nilikubali palepale.

Jumamosi shemeji yangu alituvusha kwa boti ya injini, akabaki ufukweni akitengeneza nyavu. Kuhusu ndege, kitabu hakikudanganya. Minandi walijaa mawe yote, na maji yalikuwa maangavu hadi chini. Nilijilaumu mwenyewe: pazuri hivyo, nasi tunapatazama kila siku tukianika samaki, hatuendi.

Mama hakuwatazama ndege. Alipanda polepole, akisema nyumba yao ilikuwa kando ya jiwe kubwa na kaburi lipo nyuma yake. Jiwe tulilipata. Nyuma yake palikuwa na nyasi za kufika kifuani. Nikashika panga nikaanza kufyeka.

Sasa, mimi ni Mmatengo wa Ukata, na mikono yangu inajua namna moja tu ya kushughulika na mteremko. Bila kufikiri nikawa nazilaza nyasi kwa mistari, mingine ya kushuka, mingine ya kukatiza, miraba miraba, kama tunavyoanza mashimo ya ngoro, kilimo chetu cha milimani, kabla ya kuzifukia kwa udongo.

"We! Unamlimia mama yangu ngoro?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, nikazizoa nyasi zangu.

Tulifyeka hadi jua likafika utosini. Kaburi hatukuliona. Mawe yalikuwepo, lakini kisiwa chote ni mawe, na msalaba ulikuwa wa mti, ulishaoza zamani. Niliumia moyo kuliko nilivyotegemea.

"Mama, tujaribu upande ule," nikasema.

Akakataa kwa mkono. Alivua kandambili, akasimama katikati ya tulipofyeka, akaanza kusema kwa Kinyasa, sauti ya kawaida kabisa. Kisha akageukia Kiswahili ili nami nisikie.

"Mama, huyu ni mke wa mwanangu. Ametoka milimani, kupaa samaki hajui, lakini ndiye aliyenileta."

Akanitazama, akingoja. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

Halafu mama mkwe wangu akaniitikia kwa niaba ya mama yake: "Marahaba, mjukuu wangu."