Maziwa Niliyomficha Daktari

Bado naikumbuka asubuhi ile Riyadh, mwanangu, daktari aliponiuliza swali jepesi nami nikamdanganya. Usinicheke. Mtu akikaa peke yake muda mrefu huwa na vijisiri vyake, hata vya kipuuzi.

Mimi ni wa Isiolo, nimelelewa kwa maziwa ya ngamia, na kwetu tuliona maziwa yakichemshwa yameharibiwa. Bosi niliyemfanyia kazi za nyumbani huko Riyadh alikuwa na ngamia wake jangwani, na kila wiki alileta dumu nyumbani. Madam, mkewe, aliniagiza niyachemshe yote kabla ya mtu kuyagusa. Niliyachemsha, ila kwanza nilijimiminia kikombe, nikafunga mlango wa jiko, nikanywa nimesimama. Miezi minane sikuwa nimeongea Kiswahili na mtu uso kwa uso. Nilikuwa mpweke, mwanangu, mpweke wa kuzungumza na masufuria, na kikombe kile ndicho kilichonionjesha kwetu.

Kisha homa ikaanza. Ilikuja na kuondoka, viungo vikiuma, nikiamka shuka imelowa jasho, na bado napiga deki. Nilijiambia ni malaria niliyotoka nayo nyumbani. Ilipokataa kuisha nikajiambia ni upweke tu. Wiki ya tatu madam akanipeleka zahanati. Daktari akaniuliza kama nimekunywa maziwa mabichi, naye madam amesimama pale pale.

"Mafi," nikamjibu kwa Kiarabu, yaani hakuna. Niliogopa kuonekana mdokozi. Akaniandikia vidonge vya mafua, halas, yameisha, tukarudi.

Baada ya miezi miwili familia ilikwenda likizo Jeddah, nami nikachukuliwa, kwenye nyumba yao ya mtaa wa Al-Rawdah. Ngazi za nyumba ile zilinishinda. Nilikuwa napanda na kapu la nguo, miguu imevimba, pumzi ikakata, nikaanguka. Hospitalini nilipokewa na nesi wa makamo kutoka Unguja, Bi Zuwena. Aliponisalimu kwa Kiswahili nililia hata kabla hajaniuliza kitu.

"Madam wako nimemtoa nje," akaniambia. "Sasa nambie kweli, mwanangu. Maziwa mabichi umekunywa?"

"Nimekunywa, mama."

"Na huko Riyadh hawakukuuliza?"

"Waliniuliza. Nikakataa."

Akaitazama tena picha ya moyo wangu waliyonipiga. "Basi vijidudu vya maziwa vimeutafuna mlango wa moyo wako, ile vali ya kupitisha damu, na wewe waona haya kwa sababu ya kikombe. Kikombe tu, mwanangu! Ungeomba, wangekunyima?"

Ningesema mapema, labda dawa za wiki kadhaa zingetosha. Badala yake nilipasuliwa kifua, nikawekewa mlango wa bandia. Madam alikuja kunitazama mara mbili, namshukuru, na habari ya maziwa hakuigusa. Nilirudi Isiolo na vidonge vya kunywa maisha yangu yote, pamoja na onyo la daktari kwamba nisibebe mimba, moyo hautahimili. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ndiyo maana mwaniona mzee kabla ya wakati wangu.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda huko, nisikilize. Chemsha maziwa hadi yafure, hata yakiwa ya ngamia uliyemkamua mwenyewe. Homa ikikuganda usiipe jina kwa kubahatisha, omba upelekwe hospitali. Daktari akikuuliza umekula nini, mwambie, hata kama madam anakukodolea macho, hata kama ulikidokoa. Utaona aibu siku mbili, basi. Na utafute mtu wa kuongea naye, kwa sababu mimi niliharibiwa na ukimya kabla ya maziwa.

Nawaita wengi mwanangu, nawe pia, na sikuzaa hata mmoja. Mola akufikishe salama, akukutanishe na watu wenye huruma, akurudishe kwetu na moyo mzima, uje uitwe mama.