Daftari Lisilo na Homa

Juma lililopita nilimpeleka mtoto kupata chanjo katika zahanati moja ya Athi River. Mbele yangu walikuwa wanawake wawili, washonaji wa kiwanda kimoja. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, tukasikia yote.

Wa kwanza alisema, "Nikilala, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikifua shati moja, lazima nikae chini."

Daktari alifungua daftari la matibabu la mama huyo, akaona homa iliyoandikwa miezi minne nyuma. "Hiyo ndiyo imekuachia uchovu, mama. Pumzika wiki mbili." Akamwandikia barua ya kazini.

Wa pili akasema, "Mimi pia ni hivyo hivyo, daktari. Hata kuchana nywele kunanilaza."

Daktari akapekua daftari la huyo wa pili. "Na homa yako iko wapi?"

"Nilikuwa nayo, tuliipata pamoja. Lakini mimi sikukosa kazi hata siku moja. Nilishona nayo."

"Hapa haiko. Wewe umechoka tu, mama. Hata mimi nimechoka."

Benchi lote lilicheka. Nami nilicheka, kisha nikaona haya, kwa maana alitoka akishika ukuta, akaketi kufunga viatu, akapumzika kati ya kiatu kimoja na kingine. Kesho yake alitakiwa mashineni.

Bado sijaamini. Aliyelala alipewa mapumziko, aliyevumilia akanyimwa. Nilipofika nyumbani nilitoa daftari langu la matibabu, nikaandika kwa mwandiko mzuri ile homa niliyofua nayo nguo mwezi wa tatu.