Siku Mshale wa Dizeli Uliponiumbua

Kuna watu pale ufukweni, mtaa wa Malindi, hawalijui jina langu kabisa, wananijua kwa Lita Thelathini, na kila nikipita lazima atokee mmoja anikumbushe, basi bora nikuelezeni mwenyewe kuliko mkasikia barazani kisa kimetiwa chumvi (ingawa, nakwambieni kweli, chumvi hakihitaji). Nimefanya mengi ya kipumbavu maishani mwangu, lakini hili ndilo ninaloamka nalo asubuhi.

Mimi ni fundi wa umeme wa gari, kibanda changu kiko Mlandege, na geji za mafuta nimetengeneza mpaka nimechoka. Siku moja akanijia Bi Nasra, mama mmoja wa mjini mwenye boti mbili ndogo za tanga za kutembezea wageni, zile zenye mashine ya dizeli ndani ya kusaidia upepo ukikatika, akilalamika kwamba boti moja inakunywa dizeli kupita kiasi, na geji yake imekufa zamani, nahodha anapima kwa kijiti, anakitumbukiza kwenye tangi, anakitoa, anakitazama, anasema "yamo". Nahodha huyo ni Mzee Makame. Na Mzee Makame ndiye baba yake Riziki, na Riziki ndiye niliyemposa, posa imekubaliwa, ndoa imebaki miezi miwili. Mwenye akili angesema kazi hii hapana, mtafute mwengine. Mimi nikaona ndiyo nafasi ya kumwonyesha mkwe kwamba binti yake hakuposwa na mtu hivi hivi.

Geji niliitengeneza vizuri, hilo mpaka leo hakuna wa kuninyang'anya. Nilitoa boya bovu ndani ya tangi (boya ni kile kipande kinachoelea juu ya dizeli, kikipanda na mshale unapanda, kikishuka na wenyewe unashuka), nikatia jipya upande wa kushoto, nikavuta waya mpya, nikafungua na daftari, kila jioni naandika mashine imefanya kazi saa ngapi na dizeli imeshuka lita ngapi. Siku tatu mambo yakaenda sawa. Alkhamisi jioni tukajaza tangi mpaka alama ya juu ya kijiti, lita sitini, Mzee Makame akafunga mlango wa mashine kwa kufuli na ufunguo akautia mfukoni kama kawaida yake.

Ijumaa boti haikutoka. Nilikuwa nipime jioni maji yakijaa, lakini maji yakijaa lazima uvuke kwa mtumbwi, na huteremki kwenye mtumbwi ila umelowa, na mimi nimetoka msikitini na kanzu mpya, nikatazama nikaona maji yamekupwa, boti iko juu ya mchanga imelalia ubavu wake wa kulia, naweza kuiendea kwa miguu bila hata kuchafua pindo. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo kiasi hicho. Sikutaka kulowa.

Nikapanda, nikawasha swichi ya geji pale nje kwenye usukani, mshale ukasimama nusu. Lita thelathini hazimo, boti haijatoka, mlango una kufuli, na ufunguo anao mtu mmoja tu. Mtu mwenyewe alikuwa pale pale chini, anakwangua uchafu kwenye mbao za boti.

"Baba," nikamwita, "dizeli imekwenda wapi?"

"Imo tangini."

"Haimo. Nshapima."

Akanyanyua uso, akanitazama, akaitazama na boti. "Ngoja maji yaje, mwanangu, upime tena."

Na mimi, badala ya kuuliza kwa nini, nikajisemea moyoni, ehe, huyu anataka muda wa kuirudisha! Nikampigia simu Bi Nasra pale pale. Akaja, na watu nao, maana ilikuwa Ijumaa na wengine ndio kwanza wanatoka misikitini hawana pa kwenda, nami nikasimama mbele yao wote nikasema, kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo, "Bi Nasra, mwizi wa dizeli yako huyu hapa."

Sikukomea hapo. Nikataka lifunguliwe banda la vifaa la Mzee Makame, nikaona dumu kubwa kwenye pembe, nikalinyanyua juu nilionyeshe kwa watu, "Hii hapa!" Mfuniko haukuwa umekazwa. Yalikuwa mafuta ya papa, yale ya kupakia mbao za vyombo (kama hujapata kuyanusa, mshukuru Mungu), yakanimwagikia kuanzia kifuani mpaka miguuni. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mtu mwengine angelichukua kuwa ni onyo. Mimi kicheko kile ndicho kilichonitia ujeuri, nikasema basi aitwe sheha, mkubwa wa mtaa, aje ashuhudie geji kwa macho yake.

Bi Nasra akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo, Makame."

"Sijaiba, Bi Nasra," akasema. "Lakini ufunguo ni wako." Akampa, akaenda akakaa juu ya gogo, hakuondoka.

Sheha hakuja mpaka baada ya swala ya alasiri, na kufikia hapo maji yameshaingia, boti imenyanyuka imesimama wima. Tukavuka kwa mtumbwi, yeye, Bi Nasra na mimi ninayenuka, nikalowa mpaka kiunoni. Nikamsogeza sheha mbele aone vizuri, nikawasha swichi. Mshale ukapanda. Ukapita nusu, ukapita robo tatu, ukaenda ukalala mwisho kabisa.

"Fundi," akasema sheha, taratibu, "mimi hapa nasoma tangi limejaa. Wewe wasoma nini?"

Bi Nasra akafungua kufuli, akachukua kile kijiti cha Mzee Makame, akakitumbukiza mwenyewe. Kikatoka kimelowa mpaka alama ya juu.

Tangi lile ni bapa na pana, na juu ya alama huachwa nafasi tupu. Boti ikilala kulia, dizeli inakimbilia kulia, kushoto inapungua, na boya langu la huko linashuka. Kila mtu pale pwani anajua kwamba chombo hakipimwi kimelala. Mimi nimekulia kwenye gari, na gari haliegeshwi kwa ubavu. Sheha alipowapigia kelele walioko ufukweni kwamba lita zote zimo, ndipo jina langu jipya lilipozaliwa.

Bi Nasra alimrudishia Mzee Makame ufunguo mbele ya watu. Hakuupokea. "Uweke tu," akamwambia. "Ulipoutaka nilikupa." Miaka kumi na sita kwenye boti ile, na siku hizi anakwangua vyombo vya watu.

Asubuhi yake nikenda kwao na mama yangu na ami yangu kuomba radhi. Nikapiga magoti. Mzee Makame akaninyanyua, akasema, "Nshakusamehe, mwanangu, yamekwisha," na mama akaanza kulia kwa furaha, na mimi nikadhani kweli yamekwisha. Riziki akatoka chumbani.

"Baba kakusamehe, yeye ndivyo alivyo," akaniambia. "Mimi sijakusamehe. Alikwambia ungoje maji. Umekaa naye pale mchana kutwa, Idi, hukumuuliza hata mara moja kwa nini."

Jumatatu vitu vyote vya posa vilirudi nyumbani kwetu, vimekunjwa vizuri, hata sanduku la kanga halijafunguliwa.

Geji za boti natengeneza bado, na napima chombo kikiwa juu ya maji, nikilowa nilowe. Nimeapa pia kwamba mshale hautanifanya tena nimwite mtu mwizi, ila kiapo hicho kimekuja kimechelewa. Riziki ameolewa, yuko Jambiani na mumewe. Kadi ya mwaliko aliniletea Mzee Makame mwenyewe, kwa mkono wake, mpaka kibandani Mlandege, akaniuliza na hali ya mama. Sikwenda.