Wawindaji wa Mkono wa Kushoto

Harufu ya majani ya chai yakikaushwa kiwandani ilitufikia darasani kila asubuhi, tamu na nzito, ikachanganyika na ile ya sweta zilizolowa mvua. Shule yetu ilikuwa mlimani, karibu na mji mdogo wa Roret, na katika miaka hiyo ya tisini nilikuwa darasa la saba, mwembamba, mwenye mdomo, tena wa mkono wa kushoto. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kesi. Kwetu humpi mtu kitu kwa kushoto wala humsalimii kwa kushoto, na Madam Chebet, mwalimu wetu wa sanaa, aliniamuru niukalie mkono huo kila nilipochora. Kwa kulia mistari yangu ilitetemeka kama ya mtoto wa nasari. Nami muhula ule nilitaka jambo moja tu: kuchaguliwa kwenda maonyesho ya sanaa ya shule mjini Sotik.

Siku moja Madam alileta kitabu kikubwa kilichonuka ukungu, kilichoachwa kanisani na meneja mmoja wa mashamba ya chai aliyerudi kwao Ulaya. Ndani mlikuwa na picha za uwindaji za karne nyingi zilizopita. Mafundi wa Ulaya walizichonga kwenye bamba la shaba, wakapaka wino, wakagandamiza karatasi. Jameni, tulicheka! Wanyama wenyewe mafundi hawakuwahi kuwaona: ndovu alikuwa na masikio kama majani ya sukumawiki, mamba alikuwa na masikio ya mbwa, na mbuni alifukuzwa na wazee wenye vilemba. Lakini mimi niliona kingine. Nikainua mkono, ule ule uliokatazwa.

“Madam, hawa wote wanarusha mikuki na left!”

Darasa zima likaangua kicheko. Madam alifunua kurasa mbili tatu, akakunja uso. “Aliyechora alikosea,” akasema. “Kalia mkono wako.”

Jibu hilo lilinikera sana. Jumamosi, mama akiwa shambani akichuma chai, nilichukua soli ya patipati, ndala ya mpira iliyokatika, nikachonga juu yake kwa wembe, kwa kushoto, uwindaji wetu sisi: wanaume na mbwa wakimfukuza nguruwe mwitu kutoka kwenye mahindi. Mikuki niliwashikisha kwa mkono wa kulia, kama inavyotakiwa. Nikapaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia, nikagandamiza karatasi, nikaibandua. Ala! Kila mwanamume alikuwa wa kushoto. Gogo, yaani nyanya yangu, aliitazama akacheka mpaka akashika mbavu. “Umewageuza wazee wote wakawa kama wewe!” Nami nikaruka kwa furaha, maana nilikuwa nimeelewa. Fundi wa zamani hakukosea. Picha hugeuka inapohamia kwenye karatasi.

Jumatatu nilimwonyesha Madam soli na karatasi pamoja. Alivilinganisha mkuki kwa mkuki. Akanichagua niende Sotik, lakini sharti likabaki pale pale: mbele za watu, mkono wa kulia.

Ukumbi ulijaa. Watoto wa shule kubwa walikuja na rangi za dukani, mimi na soli yangu ya patipati. Jaji, mzee mwenye miwani, aliitazama kazi yangu akauliza ni mtu mzima gani aliyenichongea. Akaniwekea mezani kipande kipya cha mpira na wembe. “Chonga nione.” Nikashika wembe kwa kulia. Wembe ukateleza, mstari wa kwanza ukaharibika. Watu wakaguna. Machozi yalinilengalenga. Hapo Madam Chebet, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza mtoto, akapaza sauti ukumbi mzima ukasikia: “Cherono, shika na left!”

Weh! Nilichonga mbwa, nikachonga nguruwe, nikachonga mahindi yaliyolala, na jaji akaacha hata kuandika. Nilipobandua karatasi watu walisimama. Nikawa wa kwanza mbele ya shule zote, na Madam akaimba wimbo wa ushindi kwa sauti kubwa kuliko sisi wanafunzi aliotuleta.

Siku hizi shule za kwetu zina kuta za mawe, na watoto hushika kalamu kwa mkono wanaotaka. Mpwa wangu, wa kushoto kama mimi, huniuliza kama kweli watu walisumbuana kwa jambo dogo hivyo. Namwambia halikuwa dogo. Leo kuchonga ndiyo kazi yangu, picha zangu zimefika mbali kuliko Sotik, na tangu siku ile sijamwomba mtu ruhusa ya kutumia mkono wangu.